Kosa la Kufunga

Siku ya kwanza pale Iyunga mwalimu Mwasomola alituambia
mpimaji lazima arudi alikoanzia.
Unaondoka kwenye jiwe la kwanza, unazunguka mashamba ya watu,
unagombana na mbwa, migomba, mvua,
kisha unafunga: unarudi kwenye jiwe lile lile
uone kama hesabu zinakubaliana.
Hazikubaliani, alisema. Hazijawahi.
Kinachopungua au kuzidi kinaitwa kosa la kufunga.
Tuliandika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Leo nafungasha.
Blanketi mbili: moja yangu, moja ya Bibi Atuganile,
aliyonitupia mlangoni baridi ya Juni ilipoingia,
bila hodi, akisema,
"Nyie watu wa ziwani mtanifia humu ndani."
Niliifua jana jioni. Usiku umeikakamaza kambani,
asubuhi nimeikuta imesimama kama ubao.
Nimempelekea hivyo hivyo, nimeikumbatia kama mlango.
"Iweke hapo."
Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso.
Kiazi kimoja alikimenya, akakimenya,
hadi kikabaki kama gololi.

Nyumbani Karonga wanasema nimekwenda ng'ambo.
Ni ng'ambo kweli: ng'ambo ya mto Songwe,
paspoti, muhuri, kadi ya homa ya manjano,
na kijana wa kubadili kwacha
ambaye vidole vyake huhesabu haraka kuliko macho yangu.
Lakini bibi zetu wa huku na huku hushukuru kwa neno moja.
Sisi twasema ndagha, wao ndaga;
tofauti ni pumzi tu, na serikali.

Kiswahili, hicho nilikuja nacho kwenye makaratasi.
Muuza nyanya wa Mwanjelwa alikisikiliza hadi mwisho,
akamgeukia mwenzake: "Huyu anaongea kama risiti."
Ngeli nilifundishwa uani na Lusajo, miaka saba,
kamasi puani, fimbo mkononi:
"Si kiatu yangu, dada. Changu! Changu! Changu!"
Hata leo nikisema changu
natazama nyuma kama kuna fimbo.

Jiji lenyewe sikulimaliza.
Loleza niliupanda nusu, nikashikwa na njaa, nikashuka.
Usiku mmoja wa mitihani nilijaribu kuhesabu malori
yanayoshuka kuelekea Tunduma yakipiga chafya za breki;
nilifika mia mbili na kumi na mbili
nikalala juu ya daftari.
Namba ile bado ipo, pembezoni mwa ukurasa wa pembe na mizani,
haihusiani na swali lolote.
Nadaiwa pia vitumbua vinne na mama wa kona.
Nilimpelekea pesa. Akasema hakumbuki.
Anakumbuka sana. Alikumbuka hata vile vya Machi.

Kasumulu, foleni ya muhuri.
Mto huu, wanasema, mvua zikizidi huhama kitanda,
na mtu aliyelala nchi moja
huamkia nyingine na mahindi yake.
Tulipojifunza hilo darasani wote walicheka, wakanitazama mimi.

Nimefungua mfuko alioniwekea Lusajo begani
huku akikimbia asiulizwe.
Viazi vya kuchemsha, chumvi ndani ya kipande cha gazeti,
na chini kabisa kile kama gololi.

Mama atanipima kwa macho kabla sijafika mlangoni.
Atasema nimenenepa. Atasema naongea kwa pua.
Atasema, kwa nini unafunga dirisha, mwanangu, na joto lote hili?
Nami sitakuwa na hesabu ya kumwonyesha.

Mwalimu alisema kosa likizidi kiwango
usilifiche, usiligawe gawe kwenye pembe;
rudi kwenye jiwe la kwanza, pima upya.
Sikunyoosha mkono siku ile.
Ningemuuliza: na mwenye mawe mawili?